Kuzamia kwenye matumbawe: Fedha ya pwani yataka hesabu ya bara

KWA mfanyabiashara wa Kiomboi, mtaji ni kitu kinachoonekana. Ni magunia ya alizeti ghalani, matenga ya kuku yanayosubiri lori, au vitunguu vilivyoanikwa. Lakini zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo kwa barabara, ipo biashara ambayo mtaji wake mkubwa uko chini ya maji, na mwenye biashara hana hati ya kuumiliki. Ni biashara ya kuwapeleka watalii kuzamia kwenye miamba ya matumbawe ya Mafia, Unguja na Pemba.

Fedha ya utalii husifiwa kuwa nene. Mwekezaji mdogo wa bara anafaa kujua inavyopatikana kabla ya kutia saini ubia wa boti asiloliona.

Kifaa kilichoanzisha biashara hii kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Mzamiaji hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, na kifaa cha mdomoni humpa hewa kwa mgandamizo unaolingana na wa maji yaliyomzunguka. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi ba 200 huchukua takriban lita 2,400 za hewa. Zinaonekana nyingi, lakini mgandamizo huongezeka kila mita 10 za kina, na aliye mita 20 chini hutumia hewa mara tatu ya aliye juu. Hivyo kila mteja, kila akizama, ni mtungi mmoja, na mitungi yote lazima ijazwe upya kabla ya safari inayofuata.

Hapo ndipo gharama ilipo. Mashine ya kujazia hewa kwa biashara hii ni kama kinu cha kukamua alizeti: ikisimama, kila kitu kinasimama. Vichujio vyake hubadilishwa kwa ratiba, na ikivuta moshi wa injini iliyo karibu, mteja hupelekewa sumu mapafuni. Chumvi hula vyuma bila likizo. Mwalimu mwenye cheti hakwepeki pia, kwa sababu mteja akipanda juu haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoa mapovu yanayoweza kumlemaza au kumuua. Anayekuja na hesabu ya boti na mafuta peke yake amehesabu nusu ya gharama.

Ieleweke pia kwamba mtungi huo hubeba hewa ya kawaida, si oksijeni tupu. Kampuni ya TOL, zamani Tanzania Oxygen, ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, lakini anayenunua hisa zake ananunua gesi za viwandani na za hospitali, wala hajagusa utalii wa bahari. Anayeutaka kwa njia ya hisa hana budi kutazama kampuni za hoteli, mfano TPS Eastern Africa iliyoorodheshwa Nairobi, yenye hoteli za Serena. Hata huko, kuzamia ni tone tu ndani ya mapato.

Jambo la pili ni msimu. Huko Mafia, upepo wa kusi unapovuma, miamba ya nje ya Ghuba ya Chole huwa haifikiki kwa usalama, na wazamiaji hubaki ndani ya ghuba. Miezi mizuri ni kati ya Oktoba na Machi. Kipindi hicho ndicho pia papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana upande wa Kilindoni. Riba ya benki haijui kusi wala kaskazi. Mkopo hulipwa miezi 12.

La tatu ni matumbawe yenyewe. Haya ni wadudu wadogo wanaojenga mwamba wa chokaa, na hulishwa na mimea midogo sana inayoishi ndani yao. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, mimea hiyo hutoka, matumbawe hubaki meupe, na yasipopoa mapema hufa. El Nino ile ile ya 1997 na 1998 iliyovunja madaraja na kukata barabara nchini ndiyo iliyoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, hasa mwamba wa Tutia. Barabara zilitengenezwa. Matumbawe makubwa ya mviringo huota takriban sentimita moja kwa mwaka.

Baruti za wavuvi haramu na uchomaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa viliongeza hasara. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, yenye kilomita za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995 kwa sheria ya mwaka uliotangulia. Kule Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, wenye hifadhi binafsi waliona afadhali watalii waelee juu kwa miwani tu, bila mitungi. Kwa mfanyabiashara huo ni uamuzi wa kufikiriwa: kisiwa kinaishi kwa mwamba wake bila hata kununua ile mashine.

Kwa Kiomboi, mlango ulio karibu zaidi ni jiko la hoteli. Mzamiaji hula, na hoteli za visiwani hununua vitunguu, mayai, kuku na mafuta ya kupikia. Ila njia ya Mafia hupita Nyamisati kwa boti hadi Kilindoni. Kitunguu kisichokauka vizuri huota katika unyevu wa bahari, na kuku huhitaji vibali vya mifugo. Hoteli nyingi hulipa baada ya kupokea, si kichwani kama mnadani, kwa hiyo mtaji unaozunguka kila mnada unaweza kulala mwezi mzima.

Tarehe zitazamwe pia. Hoteli kadhaa za Mafia hufunga wakati wa masika, Aprili na Mei. Aliyepeleka mzigo wa mkopo mwishoni mwa Machi atakuta geti limefungwa, na huenda akangoja Juni.