Talai: Ukoo Ulioogopwa na Gava Mpaka Ukabebwa Wote Kutoka Kericho Hadi Gwassi

Kama ushawahi kushuka Sondu siku ya soko, unajua form ya pale. Watu wa Kisumu na Homa Bay wamekuja na omena na mbuta, watu wa Kericho wameteremka na mananasi, viazi na maziwa. Dholuo na Kikipsigis zinapigwa kwa meza moja, na Kiswahili inaingilia kati bei ikikataa kushuka. Sasa chora ramani kwa kichwa. Kutoka Sondu ukipanda mashariki unaingia kwa milima ya chai. Ukienda kusini-magharibi, upite Homa Bay na uzidi kusonga, unafika Gwassi, pale vilima vinashukia ziwa.

Sheria ya kutoa ukoo mmoja kule kwa chai na kuutupa huku kwa ziwa ilipitishwa 1934. Watu kama 700. Wazee, wamama, watoto wa kunyonya. Kosa lao kubwa lilikuwa jina la ukoo.

Ukoo wenyewe unaitwa Talai. Na kabla useme "ah, hawa ni waganga tu," subiri kwanza.

Wanandi na Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa orkoiyot, na huyo alitoka Talai pekee. Hauwezi kusoma ukawa orkoiyot, hauwezi kununua, hauwezi kupigiwa kura. Unazaliwa nayo. Mababu zao, kulingana na simulizi, walitoka upande wa Wamaasai, kwa zile familia za oloiboni, na ndio maana wazungu waliwaita "Laibons" wote bila kujisumbua kutofautisha.

Kazi ya orkoiyot ilikuwa kubariki vita, kusoma dalili za mbele na kusema lini watu watoke na lini wakae. Yeye mwenyewe habebi mkuki. Alikuwa na wajumbe walioitwa maotik, wanaopeleka neno lake kwa mabaraza na kurudisha majibu. Vijana wakirudi na ng'ombe, kuna fungu lake. Kwa hivyo hesabu: mtu mmoja, familia moja, anaweza kufanya vijana wa sehemu zote za Nandi watoke siku moja. Mkoloni hiyo kitu ilimnyima usingizi kuliko mishale.

Lakini usidhani ilikuwa mapenzi tu. Hawa watu waliheshimiwa na kuogopwa kwa kipimo kimoja. Orkoiyot Kimnyole arap Turukat aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka wa 1890, baada ya mikosi kufuatana na lawama zote kumwangukia. Ukidai unaona kesho, kesho ikiharibika wanakuuliza wewe. Simulizi inasema kabla afe alikuwa ameshatabiri wageni weupe na nyoka wa chuma atakayetoka baharini kuja kunywa maji ya ziwa. Wewe hapo Kisumu, yule nyoka alifika kwenu Desemba 1901.

Kimnyole alipoondoka, watoto wake waligombania kiti. Koitalel arap Samoei alishinda. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen alihepa upande wa Kipsigis na akawa orkoiyot wa huko. Hapo ndipo ukoo ulipojigawa, Nandi na Kericho, na ndipo stori inakaribia Sondu.

Koitalel unamjua, jina lake liko kwa vitabu vya shule. Kwa karibu miaka kumi Wanandi walisumbua reli na laini ya simu, waya zikageuka bangili. Tarehe 19 Oktoba 1905 ofisa mmoja, Richard Meinertzhagen, alimwita kwa mazungumzo ya amani pale Nandi Hills. Koitalel akaja. Akapigwa risasi hapo hapo, yeye na wenzake. Meinertzhagen akabeba hadi fimbo zake za uongozi, na zikakaa Uingereza miaka mia moja hivi. Zilirudi 2006. Fuvu la kichwa familia bado inadai.

Watu wengi stori yao ya Talai inaishia hapo. Kumbe sehemu noma ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu gava ilikuwa imejifunza kitu: ukiua mmoja, ukoo unatoa mwingine.

1914 wakashika viongozi wa Talai upande wa Kericho, Kipchomber akiwa mmoja wao, wakamtupa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. 1923 ikawa zamu ya Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel. Mwaka huo Wanandi walikuwa wanapanga sherehe ya saget ab eito, ile ya rika moja kukabidhi uongozi kwa rika linalofuata. Ushuru ulikuwa juu, watu walikuwa na hasira, na wazungu wakaingiwa na baridi kwamba sherehe ni kisingizio cha vita. Wakaipiga marufuku na kumbeba Barsirian. Alizungushwa kizuizini, Meru na baadaye kisiwa cha Mfangano, hapa hapa kwa ziwa letu. Aliachiliwa 1964. Piga hesabu mwenyewe: aliingia kabla Mau Mau ifikiriwe, akatoka Kenya ishapata uhuru. Miaka arobaini na kitu. Halafu tukiulizwa nani alifungwa sana na mkoloni tunataja wale wa Kapenguria pekee. Mimi hiyo inaniuma, wacha niseme tu.

Sasa 1934. Gava ikatunga sheria kamili, Laibons Removal Ordinance. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa ng'ombe na uchochezi, eti Talai ndio wako nyuma ya kila kitu. Na tusijidanganye, si wazungu pekee waliotaka waende. Kulikuwa na machifu wa Kipsigis walioona bora hivyo, kwa sababu chifu aliyeteuliwa na DC hawezi kutulia kijiji kikiwa na mtu anayesikilizwa kumliko. Pia kulikuwa na raia waliowaogopa kihalali. Lakini kuogopa watu wazima fulani ni kitu kimoja, kubeba mtoto wa miezi mitatu kwa sababu ya jina la babake ni kitu kingine.

Gwassi haikuchaguliwa kwa bahati. Toa mtu wa Kericho, mahali baridi, mvua karibu kila siku, ng'ombe wananenepa. Mpeleke joto la ziwa, malaria ambayo mwili wake haujui, na mbung'o wanaomaliza mifugo. Na kwa Mkipsigis bila ng'ombe hakuna mahari, hakuna maziwa, hakuna hadhi. Haukuwa unahitaji ukuta wa jela. Ziwa upande mmoja, vilima upande mwingine, na kutoka bila ruhusa ni kosa.

Walikaa huko karibu miaka thelathini, hadi uhuru ukikaribia. Kuna watoto waliozaliwa Gwassi, wakakua, wakaoa, na Kericho wakaijua kwa hadithi tu. Waliporudi miaka ya 60 mwanzoni, ardhi ilikuwa na wenyewe wapya. Sehemu kubwa ya zile nyanda ambazo Wakipsigis na Talai wanadai walifukuzwa ilikuwa imegeuka chai, ile unakunywa na mandazi asubuhi. Wengi wakaishia kubanana mjini Kericho bila hati ya shamba lolote. Ukoo ambao neno lake liliwahi kusimamisha reli ukaanza kutafuta vibarua.

Kesi haijafa. 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaikosoa Uingereza waziwazi kwa kukaa kimya. Agosti 2022 wakafikisha malalamiko kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alisema anasikitika kwa ukatili uliofanyika. Lile neno "samahani" lenyewe halikutoka, na wanasheria watakuambia kwa nini: ukiomba msamaha, swali linalofuata ni pesa ngapi.

Wazee waliobebwa wakiwa watoto wamebaki wachache sana. Ukikutana na mzee wa Kericho pale Sondu anayejua njia za Gwassi kuliko wewe wa Homa Bay, usimcheke. Muulize alizijulia wapi.