Fundi Hodari Akipewa Watu wa Kusimamia

Kampuni nyingi humpata msimamizi kwa njia moja: humtafuta fundi anayewashinda wenzake, humpandisha cheo, humwongezea mshahara kidogo, kisha humkabidhi kundi la watu na kumtakia kheri. Kesho yake anatarajiwa kugawa kazi, kufundisha wageni, kusuluhisha ugomvi na kumweleza meneja kwa nini mzigo umechelewa. Hayo yote hakufundishwa. Basi ama anazifanya mwenyewe kazi za watu wake, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi zaidi, ama anageuka nyapara wa kufoka kutwa. Wa kulaumiwa ni aliyempandisha. Kusimamia ni ufundi wa peke yake, na sehemu yake ya kwanza ndiyo tunayoidharau kuliko zote: kumfundisha mtu kazi mpaka aiweze.

Marekani walilitambua hilo kwa kubanwa na vita. Agosti 1940 serikali yao ilianzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, wa mafunzo ya kazi ndani ya viwanda. Baadaye, nchi ilipoingia vitani, wanaume wakaenda jeshini na viwanda vikajaa watu ambao hawajapata kugusa mashine, wanawake wengi wakiwemo. Walimu wa kuwatosha wote hawakuwepo. Viongozi wa mpango, akina Channing Dooley na Walter Dietz, waliona njia ya mkato ni kumfundisha msimamizi namna ya kufundisha, naye akawafundishe walio chini yake. Mpaka mpango unafungwa 1945, watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wamepewa vyeti, katika viwanda zaidi ya 16,000.

Somo lao maarufu lilihitaji kipande cha waya wa taa tu. Kuna fundo ambalo mafundi umeme walikuwa wakilifunga ndani ya kishikio cha balbu, ili waya ukivutwa usichomoke kwenye skrubu. Mkufunzi alimwita msimamizi mmoja mbele ya wenzake, akamweleza fundo hilo kwa maneno matupu: ncha hii ipite mbele, ile izunguke nyuma, iingie kwenye kitanzi. Mtu akashindwa. Akaitwa mwingine, naye akaonyeshwa kwa mikono bila kuelezwa neno. Naye akashindwa. Darasa zima likaona kwa macho yake kwamba kueleza peke yake si kufundisha, wala kuonyesha peke yake, ilhali hizo ndizo njia mbili walizokuwa wakizitumia kazini kila siku. Hapo ndipo mkufunzi alipofundisha fundo lile kwa hatua nne alizozibuni Charles Allen, mwalimu wa ufundi aliyeitumia njia yake kwa wajenzi wa meli katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwanza, mwandae mwanafunzi: mtoe wasiwasi, ujue anafahamu nini tayari, umweke mahali atakapoona mikono yako kwa upande wake. Pili, fanya kazi mbele yake hatua kwa hatua huku ukieleza, usimjaze mambo mengi kwa mara moja. Tatu, mwachie aifanye, kisha airudie akikueleza anafanya nini na kwa nini. Nne, mwachie kazi, umwonyeshe wa kumuuliza akikwama, upite kumwangalia mara kwa mara, kisha upunguze. Na kanuni iliyozifunga hatua hizo ilikuwa kali: mwanafunzi asipojua, aliyefeli ni mwalimu.

Ugumu uko kabla ya hapo. Msimamizi anatakiwa aivunje kazi kwenye karatasi, aandike hatua zake, na kando ya kila hatua aandike kile kinachoiharibu kazi kikikosewa, kile kinachoweza kumuumiza mtu, na ule ujanja mdogo unaoirahisisha. Fundi mzoefu huona taabu sana hapa, maana yaliyo muhimu zaidi anayafanya bila kuyafikiria.

Chukua zege linalochanganywa kwa koleo kwenye ujenzi wa nyumba. Saidia fundi mgeni anaambiwa asizidishe maji. Anaitikia, kisha fundi akigeuka anaongeza, kwa sababu zege jepesi halimchoshi mgongo. Hajaambiwa kwamba maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani, na nguzo ikapungua nguvu. Hajaonyeshwa pia kwamba saruji na mchanga vikichanganywa vikavu mpaka rangi iwe moja, maji kidogo yanatosha. Amri aliipata, sababu hakupewa. Mtu aliyepewa sababu huilinda kazi hata fundi akiwa amekwenda kula.

Mpango ule ulifundisha pia mahusiano kazini, na kiini chake ni kukusanya ukweli wote kabla ya kuamua, yakiwemo maoni ya mhusika mwenyewe. Hapa kwetu hilo si hisani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya 2004, inadai sababu halali pamoja na utaratibu wa haki. Msimamizi anayesema “ondoka, usirudi kesho” anaiingiza kampuni kwenye kesi.

Baada ya vita mafunzo haya yalipelekwa Japani, Toyota wakayachukua, na wanaoifuatilia historia ya kaizen, yaani uboreshaji wa kazi kidogo kidogo bila kukoma, huyataja miongoni mwa mizizi yake. Viwandani mwetu kaizen imekuja na mabango ya usafi na mpangilio, na ni mambo mazuri. Lakini bango halimfundishi mtu kazi, na somo la kufundisha tumeliruka. Lilikuwa la saa 10 tu, saa mbili kwa siku kwa siku tano, watu wapatao kumi darasani, kila mmoja akileta kazi halisi ya kitengo chake.

Asiyeweza kupata kozi na aanze na jedwali. Majina ya watu wake yaende upande mmoja, kazi za kitengo upande mwingine, aweke alama pale mtu anapoiweza kazi, na tarehe pale anapotakiwa awe ameijua. Akikuta kazi yenye alama moja tu, labda ya kuwasha jenereta au kufunga hesabu za siku, amfundishe mtu wa pili kabla yule wa kwanza hajaomba likizo. Na meneja amtengee muda huo ndani ya zamu, kwa sababu msimamizi anayepimwa kwa idadi ya maboksi yaliyotoka leo pekee hatakuwa na nafasi ya kumfundisha mtu yeyote.