Kwanza Bushi, Winchi Baadaye

Gari la safari za porini hutambulika kwa vitu vya nje: snorkeli ubavuni, keria ya chuma juu ya paa, winchi kwenye bampa, matairi yenye meno makubwa. Ndiyo maana aliyenunua Land Cruiser la miaka ya 1990 hukimbilia duka la vifaa kabla hajalala chini ya gari na tochi. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Gari kuukuu lirudishwe kwanza katika hali liliyotoka nayo kiwandani, ndipo kiongezwe kitu kimoja kimoja, na kila kinachoongezwa kiwe kimedaiwa na safari yenyewe, si na picha iliyoonekana mahali.

Tuchukue Toyota Land Cruiser HZJ75, gari ambalo Afrika Mashariki nzima inalijua hata kama hailiiti kwa namba hiyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyochakaa kiumri, kwa hiyo mengi ya haya hayakuja juzi. Yaliingia yakiwa mapya kwa ajili ya serikali, misheni, mashirika ya misaada na kampuni za utalii, yakatumikishwa, kisha yakapigwa mnada. Injini yake, 1HZ iliyoanza mwaka 1990, ni dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa sisi 4,164, haina turbo, na pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta. Fundi wa Sumbawanga au Marsabit anaweza kuifungua bila kuunganisha mashine yoyote ya kupimia. Uimara huo ni wa kweli, lakini ni uimara wa chuma. Mpira hauna sifa hiyo. Bushi za springi, hosi za rejeta, sili na mipira ya breki huzeeka hata gari likiegeshwa tu. Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye lile tufe la chuma ambamo gurudumu hukatia kona: ukikuta grisi imekuwa nyepesi kama uji na inatiririka, sili ya ndani ya ekseli imekwisha na oili ya difu imeingia kwenye grisi. Gari hilo litakwenda vizuri tu hapo mjini. Ni baada ya siku kadhaa za barabara ya vumbi yenye mawimbi ndipo beringi zitakapolia, na hapo hakuna winchi itakayosaidia. Vivyo hivyo taimingi belti, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Namba inayoonyeshwa na dashibodi ya gari la mnada si ya kuaminiwa, kwa hiyo belti ibadilishwe mara moja, maana ikikatika valvu hukutana na pistoni.

Sababu ya pili ya kwenda polepole ni uzito. Kila kifaa kina hoja yake kikitazamwa peke yake, ila gari huvibeba vyote pamoja. Keria ya chuma yaweza kuwa kilo 50, hema la juu ya paa kilo 60, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 yapata kilo 40, tairi la akiba na ringi yake kilo 35. Hapo umeshapandisha zaidi ya kilo 180 mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, na hujapakia maji wala chakula. Gari huyumba kwenye kona, breki hulemewa, springi hulala. Mwenye gari akiona springi zimelala, huambiwa anunue springi za kuinua. Lakini springi huinua bodi tu. Difu inabaki palepale ilipokuwa, na aghalabu ndiyo inayogonga jiwe katikati ya njia. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nacho huinua kidogo: ukitoka tairi la inchi 31 kwenda la inchi 33, unapata inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Kwa sentimita hizo unalipa kwa gia zinazokuwa nzito, breki zenye kazi zaidi, na spidi mita inayosema 80 wakati unakwenda 85. Huenda bei hiyo inafaa kwa anayepita kwenye mawe makali ya upande wa kusini wa Ziwa Turkana. Kwa anayekwenda Ruaha wakati wa kiangazi, tairi la saizi ya awali lenye kuta imara na pampu ndogo ya umeme vinatosha. Kwenye mchanga, kupunguza upepo kutoka psi 35 hadi 20 hurefusha sehemu ya tairi inayokanyaga chini, na gari lililokuwa linajizika hutoka lenyewe. Ukirudi kwenye lami unajaza tena, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa hupata joto na kupasuka.

Vumbi na maji vina hadithi yao. Snorkeli husifiwa kwa kuvuka mito, ilhali katika nchi zetu faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu. Kwenye mto, wengi husahau vipumulio vya difu. Ekseli iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Mpira mwembamba unaopandisha kipumulio hadi kwenye injini hugharimu kidogo mno ukilinganisha na snorkeli, na ningeanza na huo.

Kuna watakaosema kufanya kidogo kidogo ni ghali: unalipa ufundi mara tano, na vifaa vya kuagiza nje husafirishwa mara tano. Kwa sehemu wana haki. Springi, shokapu na matairi vinategemeana, na anayevibadilisha vipande vipande atalipia kazi ileile mara mbili. Hivyo viende pamoja. Lakini shokapu huchaguliwa kwa uzito wa gari, na uzito wa gari lako haujulikani mpaka umesafiri nalo, ukaona nini hutumika na nini hurudi nyumbani na vumbi lake. Anayenunua vyote siku moja ananunua kwa kukisia. Nimeona pia watu wakitetea turbo kwa hoja hiyohiyo ya kumaliza kazi mara moja, na hapo sikubaliani kabisa. 1HZ haikusanifiwa kuwa na turbo, na ikishindiliwa bila uangalifu, joto hupasua silinda hedi.

Wengine watauliza kwa nini mtu asinunue gari jipya akaondokana na mashaka. Mwenye uwezo na anunue. Gari jipya lina breki bora, mifuko ya hewa na raha ambayo HZJ75 haitaipata kamwe, na kwa familia inayotembea zaidi kwenye lami jibu liko wazi. Ila sensa moja ikigoma katikati ya jangwa la Chalbi, fundi aliye karibu huenda hana mashine ya kuisoma. Zaidi ya hayo, gari lililotengenezwa polepole humfundisha mwenyewe sauti zake. Akisikia mlio mpya upande wa kushoto, anajua bolti ipi iliguswa mwezi uliopita.

Winchi basi inakuja lini? Pamoja na bampa lake hulalia ekseli ya mbele kwa makumi ya kilo, na hudai betri nzuri na springi ngumu zaidi. Wanaosafiri magari mawili kwa kawaida hujinasua kwa kamba imara, koleo na mbao mbili. Winchi ni ya yule anayekwenda peke yake, msimu wa mvua, kwenye udongo mweusi unaonata, na anayejua kwamba huko mbele kuna mti wa kufungia.