Sheria ikiandikwa kama programu ya kompyuta, aliyekimbia atahesabiwa?

Siku hizi tunasikia kwamba sheria na mikataba vinaweza kuandikwa kwa lugha ya kompyuta, ili mashine yenyewe itoe jibu: huyu ana haki, yule hana. Je, jambo hili linatuhusu sisi wa Makiso, pamoja na familia zilizokimbilia hapa? Ndiyo, tena sana.

Maana yake ni nini?

Programu ni maagizo yanayofuatana: kama hili ni kweli, fanya lile. Mwaka 1986 wataalamu wa Imperial College, London, wakiwemo Marek Sergot na Robert Kowalski, walieleza jinsi walivyogeuza Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 kuwa programu. Mtoto alizaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika? Baba au mama ni raia, au ana makazi ya kudumu huko? Kama majibu yote ni ndiyo, mtoto ni raia.

Faida iko wazi. Mashine haina ndugu wala rafiki, na haiombi rushwa. Lakini inajua tu yale iliyoambiwa.

Mfano wa ardhi

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ya tarehe 20 Julai 1973. Kuanzia kifungu cha 193, inadai uchunguzi kabla ya kutoa ardhi ya vijijini: kuandika watu waliopo na kazi zao, na kusikiliza wenye madai. Mtu akiifupisha kuwa programu ataandika: "Kuna watu hapa? Kama hakuna, endelea." Mashine haitauliza kwa nini hakuna watu.

Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyotokana na ugomvi juu ya ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo, yalifukuza familia nyingi kutoka Lubunga na vijiji vya jirani. Wengi walivuka mto. Shamba lililoachwa kwa hofu si shamba lisilo na mwenyewe.

Kuna shida nyingine. Kifungu cha 389 kilisema haki za jamii juu ya ardhi wanazokaa kwa desturi zitapangwa na amri ya Rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Kompyuta haivumilii pengo kama hilo. Anayeandika programu atalijaza kwa mawazo yake, na hapo amekuwa mtunga sheria ambaye hakuna aliyemchagua.

Maswali ya kuuliza

Viongozi, mkiletewa mpango wa kuandikisha watu au ardhi kwa mashine, ulizeni:

1. Nani aliandika maagizo yake, na tunaweza kusomewa kwa lugha yetu?
2. Mtu aliyekimbia anahesabiwa namna gani?
3. Mashine ikikosea, tutamlalamikia mtu gani, na wapi?
4. Ushahidi wa wazee na majirani utaandikwa?

Nanyi familia, msingoje mashine. Andikeni sasa mipaka ya mashamba yenu: kijito, mti, jina la jirani wa kila upande, hata kama ni wa kabila lingine. Jirani huyo akikubali kutia sahihi, mmepata ushahidi, na mmeanza pia kusemezana tena.