Ndege Kubwa Tumezinunua: Shehena Yake Iko Wapi?

Msomaji wa Unguja au wa Mafia huenda akashangaa kuona habari za ndege kubwa zikiandikwa kutoka Hombolo, mahali penye bwawa lililojengwa mwaka 1957, mashamba ya zabibu na vumbi la Ugogo. Hombolo na ndege, wapi na wapi? Lakini hapa ndipo kilipo Chuo cha Serikali za Mitaa, wanakofundishwa maofisa watakaokwenda kupanga maendeleo ya wilaya zetu. Na si mbali na hapa, katika mkoa huu huu wa Dodoma, liliwekwa Oktoba 2022 jiwe la msingi la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Msalato, kilichobuniwa kuwa na njia ya kurukia yenye urefu wa kilometa 3.6. Urefu huo haukukusudiwa vindege vidogo. Umekusudiwa zile ndege pana ambazo ndani yake abiria hupita kwa njia mbili baina ya viti, pamoja na ndugu zake zinazobeba mizigo mitupu.

Hesabu ya tulizonazo si ndogo kwa taifa letu. Boeing 787-8 ya kwanza, maarufu kwa jina la Dreamliner, yenye viti 262, ilitua Dar es Salaam Julai 2018. Ya pili ikafuata Oktoba 2019. Novemba 2021, katika maonesho ya ndege ya Dubai, ikatangazwa oda nyingine: Dreamliner moja zaidi, Boeing 767-300 moja ya mizigo, na 737 MAX mbili, zote kwa bei ya orodha ya zaidi ya dola milioni 726. Ndege ya mizigo ilipokewa Juni 2023, na Dreamliner ya tatu Agosti 2024. Anayekumbuka mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika na Super VC10 zake zikatoweka katika anga letu, atakuwa na haki ya kuona fahari.

Fahari hiyo hatuipingi. Tunachouliza ni nani anailipia, na kwa mzigo upi. Ndege hizi ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na Kampuni ya Ndege Tanzania huzikodi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha kwamba kampuni ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23, na katika mwaka uliofuata hasara ikapanda hadi bilioni 91.8. Sehemu ya balaa hiyo haikutokana na uzembe wa mtu wa hapa: injini za Airbus A220 zilikuwa na kasoro ya kiwandani iliyozilaza chini ndege za aina hiyo katika nchi nyingi. Hata hivyo ndege iliyolala chini haifuti kodi yake.

Tuitazame ile ya mizigo, maana ndiyo inayomhusu mkulima na mvuvi. Hubeba tani 54, yaani shehena ya malori mawili makubwa ya masafa marefu. Kuijaza wakati wa kurudi kutoka China au Ghuba si kazi ngumu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wataijaza simu, vipuri na nguo. Kazi ni kuijaza wakati wa kuondoka. Kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro zimekuwa zikipita Namanga kwa malori kwenda kupandishwa ndege Nairobi, na minofu ya sangara wa Mwanza ikapitia Nairobi au Entebbe. Wenye mali hawakufanya hivyo kwa kukosa uzalendo. Nairobi kuna ndege nyingi za mizigo, tena kuna vyumba vya baridi kiwanjani. Mwenye maua akiikosa ndege ya leo ataipata ya kesho kabla maua hayajanyauka. Ndege moja, hata iwe mpya namna gani, haimpi uhakika huo, kwa sababu siku ikiwa gereji hakuna ya pili.

Tena soko kubwa la maua na minofu ni Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Kampuni ya Ndege Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, kwa hoja kwamba usimamizi wa usalama wa anga una upungufu. Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Dola milioni mia kadhaa za ndege zimefungiwa mlango kwa ajili ya kazi ya wakaguzi, ambao mishahara na mafunzo yao ya mwaka mzima haifikii bei ya injini moja.

Visiwani hesabu ni nyingine. Karafuu na mwani havina haraka. Vinakwenda kwa meli na vitaendelea kwenda kwa meli. Lakini kaa hai na kamba kochi wanaotakiwa China hawangoji meli, na kaa akifia njiani mnunuzi hamtaki. Wakati huohuo ndege pana za kigeni hutua Unguja zikileta watalii, na chini ya sakafu ya kila moja mna nafasi ya tani kadhaa za shehena. Dreamliner zetu nazo zina tumbo hilohilo. Kwa maoni yetu tumbo hilo lijazwe kwanza kabla ya kuagizwa ndege ya pili ya mizigo.

Nasi watu wa zabibu tuseme kweli. Mchuzi wa zabibu, ambao ndio sehemu kubwa ya biashara yetu, ni mzito na bei yake haihimili nauli ya anga. Hiyo ni mali ya lori na reli. Zabibu za mezani ndizo ziwezazo kuruka, na kwa kuwa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, mwenye bidii angeweza kupata soko la Ghuba. Ila zabibu ikishakatwa hutaka ubaridi tangu shambani. Ofisa wa kilimo anayejua ni kreti ngapi zitatoka kata gani katika juma lipi ana thamani kubwa kuliko hotuba kumi za kupokea ndege.

Wala haraka ya kuagiza haipo. Boeing imetangaza kwamba itaacha mwaka 2027 kuunda 767 ya mizigo kwa mashirika ya kiraia. Warithi wake, Airbus A350 ya mizigo na Boeing 777-8 ya mizigo, ni wakubwa na ghali kuliko yeye, na yote miwili imecheleweshwa. Anayetaka kupanga foleni leo atangoja miaka. Katika miaka hiyo vyumba vya baridi vyaweza kujengwa Msalato, Unguja na Mafia, na wakaguzi wa anga wakaajiriwa wa kutosha.