Uzazi Unavyopungua Rubavu

Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, utasikia watu wazima wakisema kizazi cha sasa hakizai. Takwimu zinawaunga mkono. Mwaka 1983 mwanamke wa Rwanda alikuwa akizaa wastani wa watoto 8.5, utafiti wa kitaifa wa 2005 ulikuta 6.1, na ule wa 2019-20 ukakuta 4.1. Katika miaka hiyo 15 ya mwisho, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walipanda kutoka asilimia 10 hadi 58. Huo ni upungufu wa hiari, na nchi inajivunia kwa haki. Lakini nyuma yake upo upungufu ambao hakuna aliyeuchagua, na kwa kuwa aina zote mbili zinaitwa kutozaa, wa pili unafunikwa na wa kwanza.

Ona inavyokuwa mtaani. Mama aliyejifungua mara moja, akachomwa sindano ya uzazi wa mpango miaka miwili, kisha akakaa muda bila kushika mimba, huambiwa sindano ndiyo iliyomfunga kizazi. Ni kweli sindano ya miezi mitatu huchelewesha: kwa kawaida hupita karibu miezi 10 tangu dozi ya mwisho kabla ya mimba kutunga. Haizibi kitu, wala haiui mayai. Anayeamini kwamba jibu ameshalipata hatafuti tena, na chanzo halisi kinaendelea kula ndani.

Chanzo hicho, kwa sehemu kubwa ya Afrika, ni maambukizi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanandoa wenye ugumba katika nchi 25, na kwa wanawake wa Kiafrika karibu nusu walikutwa mirija yote miwili imeziba, kiwango kisichofikiwa kwingine. Kisonono na klamidia hupanda kutoka shingo ya uzazi hadi kwenye mirija, na kidonda kikipona huacha kovu linaloziba mrija. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana wengi wanaohangaika ni watu ambao tayari wana mtoto mmoja. Ubaya wa klamidia ni kwamba wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Zahanati inayotibu kwa kuangalia dalili tu itawarudisha nyumbani bila dawa.

Kipimo kinachofichua hali hiyo ni eksirei ya mirija. Daktari hupitisha dawa ya maji kwenye mlango wa kizazi huku picha ikipigwa. Mrija mzima huonekana kama uzi mweupe unaomwagika tumboni. Ulioziba, uzi hukatika njiani. Kipimo hiki kinauma, kina gharama, na mara nyingi mwanamke hufanyiwa kabla mumewe hajapimwa hata kidogo.

Hapo ndipo nina hasira. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vyote: mwanamume ajizuie siku 2 hadi 7, atoe sampuli, ifike maabara ndani ya saa moja bila kupoa, ihesabiwe kwa darubini. Kiwango cha chini kinachohesabiwa cha kawaida ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Tatizo la mwanamume, peke yake au pamoja na la mke, huonekana katika karibu nusu ya wanandoa wote wenye ugumba. Hata hivyo anayepelekwa kwa mganga, anayetukanwa na mawifi, anayeletewa mke mwenza, ni mwanamke. Utafiti wa Nathalie Dhont na wenzake mjini Kigali, uliohusisha wanawake 312 wenye tatizo hili, ulikuta kwamba vipigo na ndoa kuvunjika vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa wanandoa wenye watoto.

Kwa mtu wa Rubavu linaongezeka suala la ngazi. Mwenye kadi ya mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, huanza kituo cha afya, akaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Kigali, safari ya kilomita 150 na ushee kupitia Musanze. Kila ngazi ina nauli yake na siku ya soko iliyopotea, na kwa mchuuzi anayevuka mpaka kwenda Goma siku isiyo na mauzo ni siku isiyo na chakula. Miaka hukatika hivyo. Miongozo ya kitabibu inasema wanandoa wachunguzwe baada ya miezi 12 ya kujaribu, na miezi 6 ikiwa mwanamke amefika miaka 35.

Muda huo una uzito kwa sababu matibabu mengi hutegemea umri. Asiyepevusha yai anaweza kusaidiwa na vidonge vya letrozoli kwa siku tano za kila mzunguko. Mishipa iliyovimba kwenye korodani hufanyiwa upasuaji. Mirija iliyoziba kabisa mara nyingi hubaki na njia moja, kurutubisha yai maabara, na Agosti 2025 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria inayotambua na kusimamia huduma hiyo. Ni hatua njema. Ila baada ya miaka 40 uwezekano wa kufanikiwa kwa mayai ya mwanamke mwenyewe hushuka sana, maabara iwe bora kiasi gani. Pesa inayotosha kulipia mzunguko mmoja wa huduma hiyo ingelipia vipimo vya klamidia na vya manii kwa watu wengi sana katika vituo vya afya vya Rubavu, wakiwa bado na miaka 25.