Mstari wa Ramani na Neno la Sheria

Katika vyuo vikuu kadha wa kadha vya Marekani, vikiwamo Harvard, Columbia, Michigan, North Carolina na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na Los Angeles, upo mtaala ambao mwanafunzi mmoja husoma kwa pamoja fani mbili ambazo watu aghalabu huzidhani kuwa hazina udugu, yaani sheria na mipango miji. Shahada ya sheria ya kule, iitwayo Juris Doctor, huchukua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza, na shahada ya uzamili ya mipango miji huchukua miaka 2. Lakini azisomaye zote mbili chini ya mtaala huo kwa kawaida huhitimu baada ya miaka 4 badala ya 5, kwa kuwa sehemu ya masomo ya upande mmoja huhesabiwa pia katika upande wa pili. Vijana wa kwetu wameniuliza mara nyingi kama elimu hiyo ina maslahi kwa mtu atakayerudi kufanya kazi Dar es Salaam, Mombasa au Kigoma, na mimi, niliyezeeka baina ya meza ya ramani na mabenchi ya mabaraza ya ardhi, nimeona niwajibu kwa wasaa, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko kuokoa karo ya mwaka mmoja.

Mwanafunzi huomba nafasi katika vitivo viwili, kila kimoja kwa masharti yake, na kukubaliwa na kimoja hakukilazimishi cha pili kumkubali. Akisha kuingia, mwaka wake wa kwanza wa sheria hauchanganywi na kitu: ni mikataba, madhara, mali, jinai na mwenendo wa mashauri ya madai, na yote hayo husomeshwa kwa hukumu za kesi zilizokwisha kuamuliwa, mwalimu akimsimamisha mwanafunzi mbele ya wenziwe na kumhoji mpaka hoja yake isimame au ianguke. Upande wa mipango miji mambo ni mengine kabisa. Huko kuna takwimu, uchumi wa ardhi, usafiri na historia ya miji, na juu ya yote kuna karakana ya michoro, ambamo wanafunzi wachache hukabidhiwa mtaa halisi, wakautembea kwa miguu, wakahesabu maduka na mitaro yake, kisha wakakesha mezani wakitandaza karatasi ang'avu juu ya ramani na kuipaka rangi: njano kwa makazi, nyekundu kwa biashara, zambarau kwa viwanda, kijani kwa bustani na viwanja vya wazi. Mwanasheria hufunzwa kutazama nyuma, akiuliza nani alikuwa na haki na nani aliivunja. Mpanga mji hufunzwa kutazama mbele, akiuliza watu watakaozaliwa watapita wapi, watateka maji wapi na watapumzika wapi. Azisomaye zote mbili huamka na swali moja akalala na la pili, na miezi ya mwanzo humtia kizunguzungu, kwani kile kilichokuwa hoja dhaifu asubuhi huwa fikra njema jioni.

Udugu wa fani hizi haukubuniwa na vyuo. Watu walioupa upangaji wa miji nguvu ya sheria huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, walikuwa mawakili. Edward Bassett, wakili wa New York, ndiye aliyeongoza kazi iliyozaa kanuni ya 1916 ya kuugawa mji ule katika kanda, baada ya majumba marefu, hususa lile la Equitable lililomalizika 1915, kuwazibia majirani jua na hewa. Naye Alfred Bettman, wakili wa Cincinnati, aliingia katika kesi ambayo hapana mwanafunzi wa mtaala huu asiyekutana nayo, na aghalabu hukutana nayo mara mbili, kila kitivo kikiisoma kwa jicho lake. Kwa hiyo yafaa isimuliwe taratibu.

Euclid ni mji mdogo jirani na Cleveland, katika jimbo la Ohio, na 1922 baraza lake lilipitisha kanuni ya kuigawa ardhi yake yote kwa matumizi, kwa kimo cha majengo na kwa ukubwa wa viwanja. Kampuni ya Ambler Realty, iliyokuwa na ekari 68 ilizozishikilia ikingoja viwanda vifike, ilidai kwamba ardhi ambayo ingeuzwa dola 10,000 kwa ekari kwa ajili ya viwanda haingezidi dola 2,500 ikifanywa ya makazi, na kwamba kupunjwa huko ni sawa na kunyang'anywa. Wakili wake alikuwa Newton Baker, aliyepata kuwa meya wa Cleveland na kisha waziri wa vita wa Marekani, na katika mahakama ya awali kampuni ilishinda. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, Bettman, ambaye hakuwa wakili wa upande wowote, aliomba kusikilizwa kama rafiki wa mahakama, akayaacha mabishano ya ekari 68 na kuwaeleza majaji maana ya kuupanga mji mzima. Novemba 1926, majaji 6 dhidi ya 3 waliuthibitisha uwezo wa mji. Jaji Sutherland, aliyeiandika hukumu, alitoa mfano wa nguruwe aliyewekwa sebuleni badala ya uani: mnyama hana kosa, kosa ni mahali alipowekwa.

Mwanafunzi wa sheria hutoka katika kesi hiyo na kanuni ya mahakama, na mwanafunzi wa mipango miji hutoka na idhini ya kuchora. Asomaye zote mbili huona jambo la tatu, nalo ndilo linalonifanya niuthamini mtaala huu: kwamba hukumu hiyo hiyo iliyafananisha majumba ya kupanga, yakijengwa katikati ya nyumba za familia moja, na vimelea wanaonyonya uzuri wa mtaa usio wao. Majumba hayo hayakuwa nguruwe wala moshi wa kiwanda. Walikuwamo watu, nao ni watu wasio na uwezo wa kununua nyumba. Na rangi ya njano iliyopakwa kwa utulivu kwenye ramani ikawa ndiyo amri ya kuwazuia mlangoni.

Miaka 9 kabla ya hapo, katika kesi ya Buchanan na Warley ya 1917, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeibatilisha kanuni ya mji wa Louisville iliyowakataza watu Weusi kuhamia mitaa yenye Wazungu wengi. Tangu hapo haikuwa halali kuitaja rangi ya mtu katika kanuni ya mji, lakini ilikuwa halali kutaja ukubwa wa kiwanja na aina ya nyumba, na wasioweza kulipia kiwanja kikubwa wakabaki nje pasipo kutajwa. Ilichukua mpaka 1975 ndipo mahakama kuu ya jimbo la New Jersey, katika shauri la Mount Laurel, ilipoamua kwamba mji hauwezi kuitumia ramani yake kuwafungia nje wenye kipato kidogo.

Nisomapo habari hizo sioni kuwa ni habari za ghaibu. Dar es Salaam ya Waingereza iligawanywa katika kanda ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanuni zilitaja aina ya jengo, wala hazikutaja ngozi, lakini kila mtu alijua ni nani awezaye kujenga kwa saruji na nani atajenga kwa udongo na makuti, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuwa mpaka baina ya Kariakoo na wengine. Kijana wa Kariakoo aliyesoma Euclid na Louisville kwa pamoja hahitaji mwalimu wa kumfasiria mji wake.

Aliyeyashika mambo hayo kwa mikono yote miwili katika nchi yetu alikuwa Mwingereza, Patrick McAuslan, mmoja wa walimu wa mwanzo wa kitivo cha sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam 1961, ambaye aliandika kwa kina juu ya ardhi, sheria na mipango, na baadaye akapewa kazi ya kuandika rasimu ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania, iliyopitishwa 1999. Kabla yake Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa 1991, ilikuwa imezunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya watu, na ikapendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa serikali kuu. Sheria haikulifuata pendekezo hilo, ikaiacha ardhi yote kwa Rais akiwa mdhamini. Ilitamka hata hivyo kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na katika hilo iliungwa mkono na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, iliyosema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Sasa nirudi kwa vijana. Kwetu sheria husomwa kama shahada ya kwanza, kwa hiyo aliyekwisha kuipata hana haja ya kuirudia Marekani kwa miaka 3 na karo nzito. Na aende akasome uzamili wa mipango miji peke yake, achague masomo ya sheria ya ardhi kadiri atakavyoruhusiwa. Mtaala wa pamoja unamfaa zaidi yule aliyeanza na jiografia, uhandisi au uchumi. Naye ajue kwamba shahada ya kule haimfanyi kuwa wakili hapa, na kwamba bodi ya usajili wa wapanga miji ina masharti yake. Ajue pia kwamba mali aliyofundishwa kule ni milki ya mtu isiyo na mwisho, ilhali hati ya hapa haizidi miaka 99. Mjini Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimepakana, mwanafunzi aweza kutoka kimoja kuingia cha pili kwa miguu, na natamani njia hiyo ya miguu iwe pia njia ya masomo.

Alinijia mjane mmoja, nyumba yake ikiwa imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, akiwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Ofisini walimwambia nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara. Wakili aliyemwendea alimwambia asiye na hati miliki hana la kudai. Nikakunjua nakala ya mchoro wa mipango miji juu ya meza, na pembeni yake nikaiweka karatasi ya mauziano, iliyochakaa katika mikunjo, yenye saini ya mjumbe na za mashahidi wawili. Mstari wa barabara ulipita barabara juu ya chumba chake cha kulala. Lakini muhuri wa kuidhinisha mchoro ulikuwa na tarehe ya miaka 11 baada ya mauziano.

"Kwa hiyo, mwanangu," aliniuliza, "ni mimi niliyeifuata barabara, au ni barabara iliyonifuata mimi?"

Nikachonga kalamu ya risasi, nikamwomba anitajie majina ya majirani waliokuwapo siku aliponunua, na tukaanza kuiandika barua ya madai ya fidia, tarehe mbili zile zikiwa katika mstari wa kwanza.